Skrubu Nne

Siku ya kumi na mbili tangu aapishwe,
na Mbale bado inamtaja kama watu wanavyomtaja mkwe mpya:
sauti chini, tabasamu nusu.
Eti Kampala amesimama kwenye taa nyekundu, kama sisi.
Eti ameingia Mulago usiku, bila kamera,
akauliza kwa nini wagonjwa wawili wanalala kitanda kimoja.
Eti amesema: picha yangu msiitundike.

Hapo nikaweka randa chini.

Mimi ni Nabuduwa, binti Wetaka wa fremu,
karakana nyuma ya duka la mbolea, Barabara ya Naboa.
Wote wamepita mikononi mwa baba, kisha mwangu.
Nimewapangusa vumbi puani.
Najua ni nani shingo ilimnenepa
picha kwa picha, hadi kola ikashindwa.

Wa sabini na moja: nilikuwa na miaka saba.
Watu walipanda juu ya magari wakipunga matawi.
Aliwafungua wafungwa. Alicheka na kila mtu.
Baba akasema, "Anayecheka hivi hana kisu."
Mjomba Mafabi alishangilia hadi sauti ikakauka.
Mwaka uliofuata tulivipata viatu vyake.
Viatu tu.

Sabini na tisa wakaja askari kutoka kusini,
wakaomba maji kwa Kiswahili kilichonyooka:
tafadhali, mama. Samahani, mama.
Lugha ile ile tuliyofundishwa vizuizini,
ya lala chini, ya toa kipande,
kumbe ilikuwa na tafadhali ndani yake!
Nimeipenda tangu siku hiyo. Ndiyo maana naandika kwayo.

Kisha yule mzee wa siku sitini na nane:
vanishi ya fremu zake haijakauka
redio ikasema si yeye tena.
Baba alicheka hadi akakaa sakafuni.

Na wa ngazi za Bunge, themanini na sita,
alisema maneno mazuri, nikayaandika kwa chaki juu ya mlango.
Mvua nyingi zimenyesha.
Sitaongeza neno: fremu zake zimenisomeshea watoto watano.

Leo asubuhi amekuja Bwana Khaukha wa wilayani,
suti mpya, lebo bado imeshonwa kwenye mkono.
Anataka fremu arobaini. Kubwa kuliko za zamani.
"Lakini amekataza," nikasema.
"Anasema tu, mama. Ni unyenyekevu.
Tia na ukingo wa dhahabu."

Nikamtazama.
Huyu ndiye, nikasema moyoni. Si yule wa taa nyekundu. Huyu.
Kila mmoja aliingia na shati lake moja,
wakatokea akina Khaukha na tepu ya kupimia,
wakamshonea joho, likawa refu, likaburuta,
na aliyelikanyaga akakamatwa.

Na dhahabu ya ukingo, nani aliipaka?

Nitazitengeneza. Ada ya mjukuu haingoji historia.
Ila nimedai pesa mkononi:
serikali tatu zimenifia na deni.

Wala sitaki kudanganya. Alipoapa, nililia,
mbele ya redio, gundi vidoleni,
mjinga wa miaka yote hii.
Wanale ilikuwa imetoa maporomoko yake yote, meupe,
na kwa dakika moja nikadhani

basi.

Baba aliniachia neno moja la kazi hii.
Picha ya arusi, piga misumari.
Picha ya marehemu, piga misumari na gundi.
Ya mkubwa, tia skrubu, nne,
uzikaze kwa mkono tu, usitumie nguvu.

Jioni hii nazikaza. Zimebaki fremu thelathini na saba.
Bisibisi nimeifunga uzi,
nikimaliza huitundika ukutani pangu,
kwenye ule msumari uliokuwa wa picha.